Msichana Asiyekua

Pale kazini walimwita Mama Sauti, na hata mumewe alishazoea kumwita hivyo. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, akiunganisha simu za madaktari na kuita wahudumu kwenye vipaza sauti, mpaka siku walipoleta mtambo unaojibu wenyewe. Alipopunguzwa kazi, shirika dogo la kutengeneza miguu ya bandia likamchukua akae mapokezi. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya karakana yao wenyewe. Kutwa nzima sakafu ilitetemeka kwa mashine ya kusugulia plastiki, na ukisahau kufunika kikombe cha chai unakuta kimeota vumbi jeupe la plasta.

Hospitalini alitoka na kitu kimoja kikubwa: masikio. Muuguzi akisema daktari yuko njiani, yeye alijua kama daktari yuko njiani kweli au bado yuko kitandani kwake. Hakumwamini mtu mpaka amsikie anavyovuta pumzi. Kwa hiyo mkurugenzi mpya alipomwita ofisini, akafunga mlango na kumvutia kiti, Mama Sauti alijua hapa pana jambo.

Mkurugenzi alikuwa na umri wa binti yake, anavaa raba na suti, na alikuwa na miezi mitatu tu pale.

"Mama, wafadhili wanatukimbia," alisema. "Nimepitia mafaili. Mtu akitoa mara moja, tunampelekea barua ya kumwomba tena. Akitoa tena, tunampelekea nyingine. Hatujawahi kumpigia mtu simu tukamwambia asante, basi. Nataka uifanye wewe kazi hiyo. Unapiga, unashukuru, unamweleza kitu kimoja cha kweli kuhusu kazi yetu, unaaga. Huombi chochote."

"Chochote?"

"Hata senti moja."

"Na simu zitarekodiwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nauliza tu, mwanangu."

Nyumbani, mumewe, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, alimsikiliza huku akimenya chungwa. "Wanakutafutia sababu," alisema. "Utapiga, watu watakasirika, watalalamika, halafu utaambiwa mama umechoka, kapumzike. Nani anapiga simu kushukuru tu? Mimi nimeishi na wewe miaka thelathini. Hujawahi kunipa asante isiyokuwa na kitu nyuma yake."

Mama Sauti alicheka, lakini neno lile likamkaa.

Simu zenyewe hazikumsaidia kuondoa wasiwasi. Mama mmoja muuza vitambaa alimkatisha kabla hajamaliza salamu.

"Sema unachotaka, nina wateja."

"Sitaki kitu, mama. Nakushukuru tu."

"Haya, nimeshukuriwa. Sasa sema unachotaka."

Mwingine aliposikia ile sauti ya taratibu alipiga kelele, "Nani kafa?" Mwalimu mmoja mstaafu alimpa simu mwanawe, mwana akataka namba ya kitambulisho, jina la bosi na anwani ya ofisi, kisha akakata. Mama Sauti alianza kujiona kama tapeli. Kila mlango wa mkurugenzi ulipofungwa, alihesabu nani yuko ndani na nani kacheka.

Wiki ya tatu akampigia fundi saa. Kadi yake ilionyesha kwamba kwa miaka tisa hakuwahi kukosa mwezi hata mmoja. Nyuma yake zilisikika saa nyingi zikigonga, kila moja na haraka yake. Fundi hakumkatisha. Alimwacha ashukuru mpaka mwisho, na Mama Sauti, kwa mara ya kwanza, akafika kwenye kile kitu kimoja cha kweli. Afisa habari wa shirika, waliyemwita Bwana Picha, alikuwa amemwandalia karatasi ya kusoma. Akasoma: msichana wa miaka minane, lori lilimponda mguu, leo anakimbia kwenda shule na wenzake.

Saa ziliendelea kugonga.

"Dada," alisema fundi, "amevaa sweta ya njano? Kakumbatia mkoba?"

Mama Sauti aliutazama ukuta wa mapokezi, kwenye lile bango ambalo alikuwa halioni tena kwa kulizoea. "Ndiyo, huyo huyo."

"Sasa nisikilize. Mwaka huu ana miaka minane. Mwaka juzi mliniandikia, alikuwa na minane. Nina barua yenu hapa kwenye droo, ina miaka sita, na humo pia ana minane. Huyo mtoto hakui?"

"Nitakupigia," alisema Mama Sauti, akaweka simu chini.

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Picha. Alikuwa mtu wa manukato na shati lililopigwa pasi, mwenye kompyuta mbili mezani.

"Ile picha inafanya kazi, mama," alisema bila kugeuka. "Nimejaribu nyingine, watu hawatoi. Usiguse kinachofanya kazi."

"Sikatai. Yuko wapi yule mtoto?"

"Yupo. Anasoma."

"Anasoma wapi?"

"Mama Sauti, siku hizi umekuwa polisi?"

Hapo akaisikia. Ile ile sauti ya daktari yuko njiani.

Kuanzia mchana ule aliwatilia shaka wote. Labda mtoto hayupo na picha ilinunuliwa mahali. Labda yupo na amekufa. Labda mkurugenzi anajua, na hizi simu za asante ni njia ya kuwapima wafadhili nani kashtuka na nani bado kalala. Akaacha kula pamoja na wenzake. Kesho yake akashuka karakanani, ambako kwa miaka mitano alikuwa hajashuka zaidi ya mara tatu.

Fundi miguu alikuwa ameinamia kalibu ya mguu, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Yule wa sweta ya njano? Namkumbuka vizuri. Nilimpima mwenyewe. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Alilia kwa sababu maji ya plasta yalikuwa ya baridi."

Mama Sauti akashusha pumzi. Kumbe yupo. "Alirudi lini?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka. "Mtoto anatakiwa arudi kila mwaka. Plastiki hairefuki, mama. Yeye anakua, mguu unambana, unamchubua, mwisho anauvua."

"Nimekuuliza alirudi lini."

"Kwangu hakurudi. Mimi nikajua ninyi kule juu mnawafuatilia."

"Na sisi kule juu tunajua ninyi huku chini mnawafuatilia."

Wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aseme jambo lenye nafuu.

Faili alilipata kwenye kabati la mwisho, nyuma ya mabango ya zamani. Ndani kulikuwa na namba tatu za shangazi yake msichana, mfua nguo wa hoteli. Mbili hazikupatikana. Ya tatu ikaita.

"Shirika?" alisema shangazi mtu, na sauti yake ikajifunga kama mlango. "Mnataka picha nyingine?"

"Hapana, dada. Nataka kujua mguu wake unaendeleaje."

"Mguu upi? Upo juu ya kabati. Ulimfaa mwaka na nusu. Anatembea na magongo."

"Kwa nini hamkuja?"

"Tulikuja! Tulikaa kwenye benchi lenu tangu asubuhi, mtoto kavua mguu kaupakata, kidonda kinatoa maji. Saa nane tukaambiwa mhusika hayupo, njooni siku nyingine. Nami siku nyingine ya ruhusa hotelini sikuipata."

"Mliambiwa na nani?"

"Mwanamke wa mapokezi. Sauti nzuri, kama ya redioni." Kisha shangazi akasema polepole, "Wewe ndiye yule."

Mama Sauti alitafuta kichwani siku hiyo, benchi, mtoto, mguu uliopakatwa. Hakukuta kitu. Mhusika hayupo ni maneno aliyoyasema kila wiki, kwa watu aliowasahau kabla hawajafika kwenye ngazi. Alikuwa amewasikiliza wote wavute pumzi isipokuwa wale waliokuja na shida.

"Ndiyo, dada," alisema. "Ni mimi."

Aliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi, akiwa na faili kwapani. Alieleza yote kwa kusimama, na lake mwenyewe hakuliruka. Alitegemea kufukuzwa kabla ya jua kuzama. Mkurugenzi alifungua faili, akasoma ukurasa mmoja muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwapo.

"Hili umelijua tangu jana," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

"Na mimi tangu nimekuja nadhani kuna kitu ninyi nyote mnakijua isipokuwa mimi."

Gari la shirika likatumwa. Msichana alishuka akiwa na miaka kumi na minne, mrefu, magongo yamepauka kwenye mishiko. Alikaa mgongo ukiwa ukutani na macho yakizunguka chumba. "Kamera iko wapi?" lilikuwa neno lake la kwanza. Akaambiwa hakuna. Hakuamini, akachungulia nyuma ya mlango. Alipoliona bango alilitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemkosea. "Naomba mnitoe pale," alisema. Mama Sauti ndiye aliyepanda juu ya kiti akalibandua, na rangi ya ukuta ikabanduka nalo.

Fundi miguu alipasha maji kabla ya kuchanganya plasta.

Barua kwa wafadhili iliandikwa wiki hiyo. Ilisema kweli yote: kwamba msichana alisahauliwa huku picha yake ikizunguka, na kwamba watoto wengine kumi na tisa kwenye mafaili hawakuwahi kurudi kupimwa. Bwana Picha alipinga mpaka mishipa ikamtoka shingoni. "Mtawafukuza wote!" Mkurugenzi akampa msichana barua aisome kabla haijatoka. Msichana aliomba kalamu, akakata neno moja. "Mmeandika nina furaha. Sijasema nina furaha. Nimesema mguu mpya haunibani." Ikatoka hivyo, bila picha.

Fundi saa alipigiwa simu siku ile ile.

"Kwa hiyo miaka sita mlinidanganya," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa unaniambia ukweli ili nikuamini, niongeze."

"Nakuambia kwa sababu uliniuliza."

Akakata. Mwezi ule hakutoa, na uliofuata hakutoa. Wengine nao walijitoa, baadhi kwa matusi. Muuza vitambaa alipiga mwenyewe, akagomba dakika kumi bila kupumua, halafu akauliza yule mtoto atapimwa tena lini, ampelekee kitambaa cha sare.

Mwezi wa tatu fundi saa akaja bila taarifa, mzee mfupi mwenye miwani mizito. Mapokezi alipapita kwa salamu tu, akashuka karakanani na kusimama pale nusu siku. Alitaka kuona daftari la watoto wanaotakiwa kurudi, akanakili idadi yao kwenye kijikaratasi. Mwezi huo akaanza kutoa tena. Tangu hapo hupiga kila mwisho wa mwezi kuuliza wangapi walitakiwa na wangapi wamekuja, na namba zikipishana hutaka sababu. Mama Sauti anamwambia, hata ikiwa ni aibu.

Jumatatu huwapigia wafadhili. Jumanne huwapigia wazazi na walezi, nao ndio wagumu zaidi kumwamini. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na mmoja wameshapimwa. Wawili wamekuwa watu wazima na wamesema wamezoea magongo. Mmoja alifariki. Watano waliobaki simu zao hazipatikani, na mumewe, ambaye bado anazijua njia zote za mji kwa kuendesha gari la wagonjwa, amesema Jumamosi watazunguka naye kuwauliza majirani, ingawa hajaacha kusema kwamba yule mkurugenzi ana lake jambo.