Fomu za Wasio na Mjomba

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina likamkaa. Alianza kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa akiwa na miaka kumi na miwili, na kovu la kwanza lilibaki kwenye kifundo cha mkono wake. Mwaka ule mama yake alifariki, akamwachia mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakaamua: mmoja asome, mmoja afanye kazi. Yeye hakuulizwa.

"Vumilia, dada," mdogo wake alikuwa akimwambia alipopata akili, akingoja shati lake la shule. "Nikisoma, wanao nitawasomesha mimi."

Shati lilikuwa moja. Alilifua kila jioni na kulinyoosha kila alfajiri kwa miaka kumi na mitatu. Kijana akasoma, akawa mwalimu, hatimaye akawa mwalimu mkuu wa sekondari iliyo juu ya barabara. Sasa mashati yalikuwa mengi, na bado alimletea dada yake ayanyooshe. Watu wakasema ana heshima. Labda.

Mama Pasi alijaliwa binti mmoja. Baba wa mtoto alitoka kununua sigara, na huenda mpaka leo yuko kwenye foleni. Binti ndiye aliyefunga nguo za wateja kwa magazeti ya zamani, na hakuna gazeti alilolikunja kabla ya kulisoma. Mteja alisimama mlangoni akidai suruali yake, mtoto akimalizia habari za mafuriko ya miaka mitatu iliyopita.

"Mpaka ulifunge hilo shati, mwenyewe atakuwa amenenepa, halimtoshi," kinyozi wa jirani alimtania.

Kwa magazeti hayo alikomaa kusoma, na mtihani wa darasa la mwisho akaufaulu. Zikatolewa fomu za kuomba nafasi sekondari. Akaijaza yake, akataka kuipeleka ofisini kwa mjomba wake. Mama yake akaichukua, akaisukuma chini ya godoro.

"Fomu ni za wasio na mjomba," alimwambia. "Yule nimemlea kwa mkono huu. Ukimpelekea karatasi utakuwa umemtukana."

Akangoja mdogo wake aje mwenyewe kuitaja siku ya kuanza. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, mashati yaliletwa na mhudumu wa shule. Ya tatu alivaa gauni lake zuri, akapanda barabara, akakaa kwenye benchi la wageni pamoja na wazazi wengine mpaka zamu yake ilipofika.

Mwalimu Mkuu alimsikiliza huku akifunua daftari. Fomu zilifungwa Ijumaa iliyopita, alisema, na nafasi zimejaa. Mama Pasi akauliza kama mtoto wa kaka wa mke wake mwalimu hayumo humo. Yumo, alijibiwa, ila huyo fomu yake ililetwa mapema.

"Sheria ni msumeno, dada."

"Mbona unakata upande wangu tu?"

Mwalimu Mkuu alifunga daftari. Alisema waangalie mwakani, kisha, kwa kuwa dada amefika, akauliza kama mashati ya Jumatatu yako tayari.

Binti alipoelezwa hakulia. Afadhali angelia. Siku ya tatu alisogea kwenye meza ya kazi, akamwambia mama yake apumzishe mgongo, ampe yeye pasi. Mama Pasi alikitazama kifundo cha mkono wa binti, laini, hakina alama hata moja. Alitaka kukataa. Lakini nguo zilikuwa rundo, na mgongo ulikuwa unauma kweli. Akampa.

Walipomaliza mashati ya Mwalimu Mkuu, binti alitandaza gazeti, akayaweka katikati, akakunja pembe nne, akafunga kamba. Mama yake alikuwa akingoja asome. Hakulitupia jicho.

"Leo mkono wako mwepesi," kinyozi akasema kutoka mlangoni kwake.