Nyuzi Ndani ya Feni

Mume wangu alianguka na pikipiki akitoka kazini Paje, ambako alikuwa mpishi wa hoteli. Wenzake wakanirejeshea nyumbani Mpendae, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Ni mtu asiyejua kukaa, basi kulala chali mchana kutwa kulimnyong'onyeza kuliko maumivu yenyewe.

Mdogo wake aliyeko Pemba ndiye aliyemshauri atie gemu ya mpira kwenye laptopu, wakawa wanacheza pamoja kwa mtandao kila siku baada ya alasiri. Mara ya kwanza nilipomsikia akicheka nilikuwa jikoni. Niliacha mwiko chunguni nikasimama kumsikiliza tu.

Mimi nashona nguo. Baada ya ajali nilihamishia cherehani chumbani ili niwe karibu naye, yeye kitandani na mimi dirishani. Hata hivyo niliogopa kelele zinamkera. Kazi nzito nilikuwa nikiziweka mpaka asinzie, ndipo nikanyage pedeli.

Haukupita muda laptopu ikaanza kushika moto. Feni yake ikivuma hadi inaishinda cherehani, na wachezaji wa kwenye gemu wakawa wanajikokota kama watu wanaotembea ndani ya maji.

"Mimi nabonyeza sasa, mtu anapiga kesho," alilalamika.

Mwisho akaacha kucheza. Mdogo wake akipiga simu, anamwambia kachoka. Laptopu ikabaki imefungwa juu ya godoro, naye akarudi kutazama dari.

Nikaifunga ndani ya kanga niende nayo kwa fundi wa kompyuta Mwanakwerekwe.

"Iache tu, mke wangu. Itapoa," akasema.

"Ishapoa, na wewe umepoa nayo."

Fundi aliifungua kwa chini, akanigeuzia nione. Kwenye matundu ya kutolea hewa palikuwa na kitu kama kipande cha zulia, vumbi lililoshikamana na nyuzi. Nilizitambua. Zile za waridi ni za nguo za maharusi, na zile za kijani ni za sare za madrasa.

"Hewa haina pa kupita," fundi akanieleza. "Joto linabaki ndani, nayo inajipunguza mwendo isije ikaungua. Lakini hili bwana'ko nshamwambia alipopiga simu wiki iliyopita. Nilimuuliza inakaa wapi, akanambia kitandani, karibu na cherehani. Nikamwambia cherehani ihame. Akajibu hilo haliwezekani."

Nilimtazama akiishikilia feni kwa kidole isizunguke, huku akiisugua kwa brashi laini. Akafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokwisha kukauka juu ya prosesa, ule ubongo wa laptopu, akapaka nyingine. Akanionya isiwekwe tena juu ya godoro, maana inavuta hewa kwa chini.

Niliporudi nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulijua ni nyuzi zangu."

Akageuzia uso ukutani.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia, ungehama."

"Ningehamia wapi, bwana? Si hapo sebuleni tu!"

"Basi hapo sebuleni kwangu ni mbali," akasema taratibu. "Nnalala hapa sina ninalofanya. Nikisikia cherehani, najua upo. Ikinyamaza, nafumbua macho nikutafute."

Niliushika mguu wake juu ya plasta, mahali ambapo wala asingeweza kuuhisi mkono wangu, nikaanza kulia. Naye akanicheka, akinifuta machozi kwa ncha ya shuka.

Cherehani haikuhama. Niliigeuza tu vitambaa viangukie upande wa mlango, na kila siku nikawa nafagia kabla hajawasha laptopu. Nayo nikaiwekea kijimeza kigumu ubavuni mwake. Saa yao ya kucheza ikifika, naweka mkasi chini.

Siku ile ile niliyotoka kwa fundi, baada ya alasiri, wachezaji walikimbia kama kawaida. Mdogo wake akapiga kelele kutoka Pemba: "Kaka, umefufuka!"

Mume wangu akanisogezea laptopu. "Hebu na wewe jaribu."

Nilibonyeza nisichokijua, nikafunga goli, kumbe langoni kwetu. Alicheka mpaka akaomba maji.

"Kaka, huko kacheza nani?" mdogo wake akauliza.

"Shemeji yako," akasema, "na kesho pia atacheza yeye."