Njia ya Vouvouni Ilikuwa kwa Ajili ya Nani?

Echat alimwamkia yule mzee mara tatu. "Kwezi, mzee. Kwezi. Kwezi."

Mzee akanitazama mimi. "Rahamatou, mama hajambo?"

Kama vile nimesimama peke yangu!

Ilikuwa Moroni, Aprili 1999. Kisiwa cha Anjouan kinataka kujitenga na Komoro, na mtu wa huko akipita mtaani kwetu Magoudjou anatazamwa kama mwizi. Echat alizaliwa Moroni, ila baba yake ni wa Mutsamudu, huko Anjouan. Hilo tu lilitosha.

Binti wa miaka kumi na saba, mtihani wa kumaliza shule umebaki miezi miwili, na kila akishika kitasa cha mlango pumzi zinamkata. Mama yake alinililia, "Asipofanya mtihani, mwanangu kaisha."

Mimi ni muuguzi. Nilifundishwa Antananarivo kwamba kijana mwenye wasiwasi usimweke ofisini ukamkodolea macho. Tembea naye. Miguu ikienda, mdomo utafunguka.

Mdomo? We acha tu. Wiki tatu, neno hakuna! Na kila hatua kumi mtu ananisimamisha: mama hajambo, mjomba karudi, harusi lini? Nilikereka mno.

Nikaamua tupande teksi, tushuke nje ya mji, tutembee njia ya Vouvouni. Huko watu wachache.

Siku ya nne Echat akasimama katikati ya barabara.

"Dada Rahamatou, huku tumekuja kwa wasiwasi wangu au wako?"

"Wangu? Nimekuleta upate utulivu!"

"Salamu zinakuchosha. Mimi nazitafuta. Yule mzee aliponiruka, uliitikia zako tukaondoka. Hukusema hata, 'Na huyu ni Echat.'"

Ukweli niliujua. Jirani alikuwa ameniuliza, "Utaonekana na hao watu mpaka lini?" Siku ileile ndiyo nikaikumbuka Vouvouni.

Nikamwambia kesho tutapita Magoudjou, nitamtaja jina kwa kila mtu. Akatikisa kichwa tu.

Asubuhi nikakuta mlango wao una kufuli. Walikuwa wamepanda meli ya kwenda Mutsamudu pamoja na wenzao wa Anjouan waliofukuzwa mjini. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu.

Agosti ikaja barua.

"Mtihani nimeufanya. Huku wananiita wa Moroni. Nilishika kitasa cha mlango wa ukumbi, nikaingia, nikaandika mpaka mwisho. Kutembea ulinifundisha, dada. Kusimama nami hukuweza."

Ndugu zangu, ukiamua kumsaidia mtu, msaidie mbele za watu. Ukimpeleka pembeni, unamficha.