Mbegu Moja, Mashamba Mawili

Siku yangu ya kwanza katika jiko la hospitali moja Temeke ilikuwa ya Ramadhani. Kabla sijafunga hata aproni, Mpishi Mkuu, mzee wa Kizaramo, aliniuliza, "Umefunga, binti?"

"Shikamoo mzee. Sijafunga, mie Mkristo wa Masasi."

"Marahaba. Afadhali! Njoo unionjee."

Palikuwa na magunia mawili ya muhogo, futari ya wauguzi wa zamu. Muhogo huonjwa mbichi: unamenya, unang'ata kidogo, unatafuna, unatema. Ukiwa mchungu una sumu, na kuchemsha tu hakuiondoi yote. Yeye kwa swaumu yake hakutaka kutia kitu mdomoni.

Wa gunia la kwanza ulikuwa mtamu. Wa pili ulinikaza ulimi.

"Mchungu," nikasema.

Muuzaji, ambaye alikuwa shemeji yake Mpishi Mkuu, akaruka. "Mchungu wapi? Yote kibandameno, mbegu moja! Shemeji, unamsikiliza huyu wa leo asubuhi?"

Kazi ile niliihitaji sana.

"Onja mwingine," alisema Mpishi Mkuu kwa upole.

Nikaonja. "Mchungu, mzee."

"Shemeji, beba gunia lako. Leo watafuturu viazi vitamu."

Baadaye alinieleza taratibu. Kibandameno ni mbegu tamu, lakini mbegu peke yake haitoshi. Gunia la kwanza lilitoka shamba la kichanga Mkuranga, lililopata mvua. La pili lilitoka shamba lililokaushwa na jua, na muhogo ukiteswa na ukame huzidisha uchungu. "Uliza mbegu, uliza shamba, uliza mvua," alisema. "Ukishajibiwa, onja vilevile."

Nilihamia jiko la chuo kimoja Kinondoni, chini ya Metroni mkali. Huko nilijifunza viazi mviringo. Vya Njombe vilivyokomaa vizuri vilikaangika vikavu. Mbegu hiyohiyo ikivunwa changa kwenye bonde la maji, chipsi hulegea. "Hizi chipsi au uji?" Metroni alikuwa akiuliza, nasi tukajifunza kuchagua.

Nawashukuru wote wawili, hasa mzee yule aliyelikubali neno la mgeni mbele ya shemeji yake.

Sasa nimestaafu, naishi Boko. Wapishi vijana hunipigia simu wakiwa sokoni. "Shikamoo mama. Muuzaji anaapa muhogo huu ni mtamu, nichukue?"

"Marahaba mwanangu. Umeonja?"

Namsikia akitafuna, halafu akitema. Hapo nacheka peke yangu na kumshukuru Mungu: watu wake leo watakula salama.