Kompyuta Saba, Namba Moja

Habari za kifo cha fundi wetu wa kompyuta nilizipata Mabatini, dukani, nikiwa nachagua betri za redio. Mtu tuliyefanya naye kazi zamani alinigusa bega akaniuliza kama nitavuka ziwa kwenda msibani. Nikamuuliza msiba wa nani. Alishangaa kwamba sijui, na mimi nilijishangaa zaidi, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa huzuni. Kilikuwa ahueni, kama ya mshitakiwa anayeambiwa kwamba shahidi hatafika mahakamani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmezoea kuniona nikiwasema wakubwa katika ukurasa huu. Leo mtanivumilia, maana anayesemwa ni mimi.

Miaka ile ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, nilikuwa karani katika ofisi moja ya Igogo iliyokuwa ikisubiri mnunuzi. Kila wiki ulizuka uvumi mpya kuhusu orodha ya watakaobaki. Watu waliokuwa wakizikana na kuozeshana walianza kuchungana nani kachelewa, nani katoka mapema, nani kaonekana akiongea na nani. Katikati ya hofu hiyo zikaletwa kompyuta saba, zikaunganishwa kwa waya ili zipeane nyaraka na kutumia printa moja. Alikabidhiwa fundi aliyekuwa akihudumia simu na teleksi, mtu mpole wa Mara, mtoto wa wavuvi, aliyejifunza kompyuta kwa kusoma vitabu vya maelekezo huku kamusi iko pembeni. Sisi wengine tulizifunika kwa vitambaa vya kufuma tukaziogopa. Yeye alizifungua akazijua.

Haukupita muda mashine zikaanza vituko. Jana zinaonana, leo hazijuani. Unatuma barua kwenye printa, printa kimya. Fundi akifungua mipangilio anakuta namba zimebadilika. Alitueleza kwa subira kwamba kila kompyuta lazima iwe na namba yake, kama nyumba za mtaa mmoja, na kwamba zikipewa namba moja zinagongana: ile iliyowashwa kwanza inaendelea na kazi, nyingine zinatolewa nje. Akazirudisha namba zote. Baada ya siku chache zikabadilika tena. Akakagua waya wote akidhani ni panya. Akaulaumu umeme. Mwisho akaandika namba sahihi ya kila mashine kwenye kikaratasi, akakibandika chini ya kila meza, kisha akapita kwa kila mmoja wetu akiuliza kwa adabu kama amegusa kitu. Alituuliza sote isipokuwa meneja. Meneja alikuwa mtu mzima, tukimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kwa malezi yetu humwendei mtu wa namna hiyo ukamuuliza kama amechezea mashine.

Mimi nilijua. Siku moja niliwahi kurudi kutoka chakula cha mchana, nikamkuta meneja ameketi kwenye kiti changu, miwani puani, anabonyeza kitufe kimoja kimoja. Alikuwa ametoka kwenye kozi ya wiki mbili Dar es Salaam na alijivunia sana. Hakushtuka kuniona. "Nazilinganisha hizi," aliniambia. "Ofisi ni moja, haiwezekani kila mashine ijiwekee namba yake." Mzee yule alianzia kazi masjala, na huko barua zote za idara moja hubeba namba moja ya kumbukumbu, hivyo kwake yeye namba tofauti zilikuwa uzembe wa kijana asiyejua utaratibu. Basi alizipa zote namba ya kompyuta yake. Na kwa kuwa yake ndiyo iliyowashwa kwanza kila asubuhi, haikumsumbua hata siku moja, naye akachukulia huo kuwa uthibitisho kwamba namba yake ndiyo nzuri. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilimjibu, "Sawa, mzee," nikasimama pembeni mpaka alipomaliza.

Siku wanunuzi walipokuja kukagua ofisi, mashine sita kati ya saba ziligoma mbele ya macho yao. Kesho yake kikaitishwa kikao. Ofisa utumishi alisema fundi anazibadilisha mwenyewe ili tuendelee kumhitaji na jina lake lisikatwe. "Anajitengenezea kazi," alisema. Lilikuwa jambo jepesi kuamini, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa akitafuta namna ya kuonekana hawezi kuachwa. Fundi alisimama akasema hajabadilisha chochote, na kwamba kama kuna aliyegusa aseme tu, yeye hana kinyongo, anataka kulijua tatizo. Meneja alikuwa ameinamia meza. Nadhani hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akikifanya. Kisha akainua uso, akanitazama mimi, siyo mwingine, akauliza, "Kuna mwenye la kusema?" Nikajibu kwamba hakuna, kwa sauti, kana kwamba kikao kizima kilikuwa kimenituma. Orodha ilipobandikwa mimi nilikuwemo. Fundi hakuwemo, na barua aliyopewa ilisema amehujumu vifaa vya ofisi.

Kuanzia siku ile meneja hakugusa tena kompyuta ya mtu. Namba zikatulia, na kule kutulia kukamhukumu fundi mara ya pili: mmeona, kaondoka na matatizo yameondoka. Viwanda vya sangara vilikuwa vikifunguliwa kandokando ya ziwa, na vyote vilitafuta watu wanaojua kompyuta, lakini nani angemchukua mtu mwenye barua kama ile. Miaka kadhaa baadaye nilishuka kwenye kivuko Kamanga nikamkuta na kibanda cha kutengeneza redio. Alinichangamkia, akanivutia kigoda, akaniagizia soda. Tuliongea habari za watoto na mvua, halafu akaniuliza, "Hivi ile shida ya namba, nilipoondoka iliendelea?" Aliuliza kifundi, bila manung'uniko. Tulikuwa wawili tu. Meneja alishastaafu na hapakuwa na orodha yoyote ya kuogopa. Nikamwambia iliisha. Na kweli iliisha, wala sikusema uongo hata neno moja. Aligeuzageuza bisibisi mkononi, akasema, "Basi afadhali." Nikamaliza soda yake nikaaga.

Nilikwenda msibani. Mkewe, ambaye hakuwahi kuniona, alipoambiwa kwamba nilifanya kazi na mumewe Igogo, aliniita nyuma ya nyumba. "Shemeji," aliniambia, "wewe ulikuwepo. Mwenzangu alikuwa akisema labda kweli ni yeye alikosea mahali, maana alipotoka shida iliisha. Alikuwa anachora zile waya kwenye madaftari ya watoto, anatafuta alipokosea. Alikosea wapi?" Nilimweleza yote, kuanzia kiti changu hadi soda. Hakulia. Aliniomba kitu kimoja, nisimame wakati wa kusoma wasifu niyaseme hayo mbele ya watoto wake, kabla jeneza halijatoka. Nikamjibu kwamba ratiba imeshapangwa na viongozi wa kanisa, tusiivuruge. "Haya, shemeji," akasema. "Karibu chakula."

Tunapenda kulalamika kwamba mageuzi yale ndiyo yaliyotufundisha kuumizana makazini. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo humu zaidi ya mara moja, nikasifiwa. Nayafuta. Wanunuzi walitukuta tayari tunajua kunyamaza, na tulikuwa tumejifunza nyumbani, kwa jina zuri la heshima. Ile haikuwa heshima. Nilimwogopa meneja, basi, na gharama ya woga wangu ikalipwa na mtu ambaye hakuniogofya kwa lolote. Najua mtasema kwamba angalau sasa nimesema. Msiniwahi. Someni tena mlichokisoma: hakuna jina la fundi, hakuna la meneja, hakuna la ofisi. Watoto wa marehemu wanaweza kuusoma ukurasa huu wote wasijue kwamba aliyesafishwa ni baba yao, na jirani zao pale Kamanga wataendelea kumkumbuka kama yule aliyefukuzwa kwa hujuma. Somo nililolipata ni hilo, na nimelipata nikiwa nimekwisha kulishindwa: ukweli usiomtaja mwenyewe haumsaidii yeye, unampunguzia mzigo anayeuandika.