Baiskeli Iliniacha Nikimwamkia Baba Mkwe

Wakuu, mimi nimewahi kukimbizana na baiskeli yangu mwenyewe hapa Kasulu, mchana kweupe, na nusura nikose mke.

Naitwa Sylvesta. Kazi yangu ni kubeba ndizi kwa baiskeli kutoka Nyakitonto hadi sokoni. Nampenda Vestina, naye kanipenda, ila baba yake, mzee Ndayiragije, hakutaka hata kunisikia.

Sababu? Eti sisi watu wa baiskeli hatuna adabu. Tunampita mtu mzima kwa kengele, hao tumeenda.

"Huyo hata kwenye msiba wangu atapita anapiga kengele," aliwaambia nyumbani.

Vestina akaniita pembeni. "Ukikutana na baba popote, shuka. Toa mikono miwili, inama, jibu kila anachouliza. Ukimkatisha salamu, nisahau."

Nikasema mbona kazi ndogo hiyo.

Asubuhi moja nashuka mteremko wa kuelekea sokoni, mikungu iko nyuma, breki zinalia. Mbele kwenye zebra anavuka nani? Mzee mwenyewe na fimbo yake.

Nikasimama, nikashuka. Baiskeli nikaiegemeza nyongani, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Mwakeye, mzee," nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwana wanje." Akaniita mwanawe, uso ukalainika kidogo. Akabana fimbo kwapani, akanipa mikono yake miwili, pale pale katikati ya zebra. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na bibi yako, kile kiuno?"

Nikainama zaidi, kwa heshima ya kiuno cha bibi. Nikasikia nyonga imekuwa nyepesi.

Baiskeli imeondoka.

Ilimpita mzee ubavuni, ikashuka yenyewe kama mtu anayejua anakokwenda. Baiskeli yenye mzigo ikishika mteremko haianguki upesi. Mzee ameipa mgongo, haoni kitu.

"Shangazi yako wa Munanila?"

"Hajambo, mzee." Baiskeli inazidi kukolea.

"Maharage yameota?"

"Yameota."

Nyuma yetu lori limesimama, bodaboda zimesimama, wote honi. Mzee akaona wanamharakisha, akaanza kuvuta maneno makusudi.

Kule chini kuna zebra nyingine, na mama mmoja anavuka na beseni la mihogo kichwani. Hatazami juu. Atazame nini, si yuko kwenye zebra.

Nikamfikiria Vestina. Nikamfikiria yule mama. Roho iliniuma, sitaki kuwadanganya.

"Na mbuzi?" mzee akauliza.

Nikamwachia mikono yake hewani, nikatoka nduki.

Nilikimbia huku napayuka, "Mama pisha, mama pisha." Keria nikaidaka karibu kabisa na zebra, ikaniburuta, tukaishia mtaroni mimi na mikungu yote. Mama akabaki amesimama, beseni halijatikisika.

Mzee akashuka polepole na fimbo yake. Nikajua kimenuka.

"Umeniacha na mikono hewani," akasema. "Mbele ya watu wa lori."

Nikaanza kuokota ndizi, machozi yananilengalenga.

Yule mama akatua beseni. "Ndayiragije," akamwita kwa jina, mbele ya watu wale wale wa lori. "Ni salamu gani hizo za katikati ya barabara? Ulitaka niuawe na ndizi ili wewe umalize habari za mbuzi?"

Mzee akanywea. Hapo ndipo nikaelewa huyu mama ni nani. Kwao sikuwahi kukanyaga, nitamjuaje mama yake Vestina?

"Na wewe nani?" mama akaniuliza.

"Sylvesta," nikajibia mtaroni.

"Ndiye huyu asiye na adabu?" Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama fimbo. "Aje nyumbani Jumapili. Kwa miguu."

Nikaenda kwa miguu. Mzee akanipokea mlangoni, mikono miwili, uso mkavu.

"Tulikuwa tumefikia mbuzi," akasema.

Funzo ni hili: adabu ni nzuri, lakini toka barabarani kwanza, egesha, ndipo uulize kiuno cha bibi. Adabu iliyo kubwa kuliko zote ni kumfikisha mwenzio ng'ambo akiwa mzima.

Na mbuzi hawajambo. Siku hizi wako kwa mzee mwenyewe, walikwenda kama mahari. Bado kila tukikutana ananivuta hadi pembeni ya mtaro, kisha ananiuliza habari zao.