Wivu wa Njia ya Kipili

Mume wangu aliondoka Sumbawanga akishikiliwa na watu wawili, akarudi anatembea mwenyewe. Huko Bombay walimpasua kifua wakafungua kilango cha moyo kilichokuwa kimekaza, na midomo yake iliyokuwa ya zambarau ikawa ya mtu tena. Ndugu zake wakachinja mbuzi. Mimi sikula kwa raha. Siku ya pili tu, katikati ya sala ya laasiri, aligeuka kwenye mswala akaniuliza, "Hii rakaa ya ngapi?" Tukaanza upya, akauliza tena.

Wakati ule bado tulitawaliwa na Mwingereza, na malori yaliyoshuka Kipili, ziwani, kuchukua samaki wakavu yalikuwa ya kuhesabu. Moja lilikuwa la kaka yake mkubwa, na mume wangu ndiye dereva. Shemeji alisema wazi kwamba mgonjwa akikosea barabarani mara moja tu, usukani anapewa mwingine. Nilimjua mume wangu. Bila usukani angekaa barazani mpaka aoze.

Basi nikajitanda kanga nikapanda mbele, karibu naye. Taniboi alikaa juu ya mizigo, haoni kitu. Gia mume wangu aliingiza vilevile kama zamani, mikono haikusahau. Lakini tulipofika njia panda ya Namanyere, aliyoipita tangu ujana wake, alipunguza mwendo akakodoa macho kama mgeni. Nikamgusa goti la kushoto. Akakata kushoto, na mimi jasho likanitoka mgongoni.

Toka hapo sikukosa safari. Mji mzima ukasema namlinda na wanawake wa Kipili. Mama mkwe akaniita uani akaniambia, "Mwanamume halindwi, mwanangu. Utachoka bure." Nilikereka, na mpaka leo nakereka. Mimi mzaliwa wa Kipili, nimlinde na shangazi zangu? Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Heri niitwe mwenye wivu kuliko yeye aitwe punguani. Nyumbani nako sikutulia: akienda dukani namfuata, akiingia chooni nasikiliza mlango. Nilikonda mimi, mgonjwa akanenepa.

Siku moja ya masika, tukiwa tumeshapita Namanyere, alisimamisha lori mwenyewe, akavuta breki, akanishika mkono. Nikadhani moyo umeanza kumsumbua tena.

"Mama watoto," alisema, "maneno ya watu nayasikia. Wallahi sina mwanamke Kipili. Unajitesa na matope haya kwa ajili ya nini? Safari ijayo baki nyumbani, upumzike."

Nilimtazama. Alikuwa ananihurumia kweli, machozi yamemlengalenga. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia.

"Nimekusikia, bwana," nikamjibu.

Akafurahi. Akawasha gari, akashika usukani kwa mikono miwili, akaniuliza tunakwenda wapi.